Kampuni imetuhamisha kutoka ajira kuwa "watoa huduma" na inakata asilimia 5: nani hasa anabeba kodi hii?

#1 Kiongozi_wa_Machame
Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninaongoza watalii mlima Kilimanjaro, huu ni mwaka wa kumi na moja. Naishi Rau, Moshi, lakini kampuni ninayoifanyia kazi ina ofisi Arusha. Hadi mwaka jana tulikuwa waongozaji tisa tuliolipwa kwa mwezi, msimu uwepo usiwepo, tukikatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, na mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF kama waajiriwa wengine. Mwezi Machi tuliitwa ofisini mmoja mmoja, tukapewa karatasi mbili zenye kichwa "Mkataba wa Huduma", tukaambiwa kwamba kuanzia siku hiyo tutalipwa kwa safari na kukatwa kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla hajakulipa, ya asilimia 5 badala ya PAYE, na kwamba haya ni matakwa ya sheria mpya za kodi. Tulisaini wote, kwa sababu msimu wa Juni ulikuwa unakaribia na hakuna aliyetaka kubaki nje ya ratiba.

Sikatai kwamba mkononi ninapata zaidi kidogo kuliko zamani. Hata hivyo kazi ni ileile, koti lenye nembo ni la kwao, redio ya mawasiliano ni ya kwao, na siku ya kupanda na ya kushuka hupangwa nao. NSSF imesimama. Sasa mhasibu wao ananiambia nipeleke ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, mwenyewe kwa mamlaka ya mapato, TRA. Naomba kufahamu mambo mawili: je, ni kweli sheria imewalazimisha kutubadilisha? Na je, nikishakatwa hiyo asilimia 5, nimemalizana na kodi?

#2 Karani_Kaloleni
Pole na kazi, kiongozi. Ninafanya hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Arusha, kwa hiyo nitajibu kwa kadiri ninavyokutana na mambo haya kila siku.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma imo katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 83, na kiwango chake kwa mtoa huduma mkazi ni asilimia 5. Kifungu hicho hakimwambii mwajiri amgeuze mwajiriwa wake kuwa mtoa huduma. Kinasema tu kwamba ukimlipa mtoa huduma, ukate.

Jibu la swali la pili pia ni hapana, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwa mkazi anayefanya biashara ya huduma, hiyo asilimia 5 ni malipo ya awali yanayohesabiwa ndani ya kodi yako ya mwaka. Unatakiwa kutoa makadirio ya mapato yako, ulipe kwa awamu nne zinazoishia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kisha upeleke ritani ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kilichozuiwa kinapunguzwa humo, mradi kionekane kwa TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi.

Kuhusu sababu ya kampuni, angalia namba. Chukulia ninyi tisa mlilipwa 800,000 kila mmoja kwa mwezi, yaani jumla 7,200,000. Mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 ni 720,000. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, yaani SDL, ambayo ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 Julai 2023, ni 252,000. WCF, mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wa asilimia 0.5 ni 36,000. Hiyo ni milioni moja na elfu nane kila mwezi ambayo haitoki tena mfukoni mwao.

#3 Mwenye_Kambi_Usa
Karani, hesabu yako ni sahihi lakini imesimama upande mmoja, na kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao wanaolipa, naomba nisikilizwe. Nina kambi ndogo na magari matatu pale Usa River.

Mgeni anayekuja Agosti alikubaliana nami bei Septemba ya mwaka uliotangulia, na wakala wake wa Ulaya ameshaichapa kwenye orodha yake. Bajeti yetu husomwa Juni na Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai, katikati ya msimu. Kila linalobadilika siku hiyo, iwe kiwango, tozo au utaratibu, siwezi kumrudia mgeni nikamwambia aongeze. Nalibeba mimi, au nalihamishia kwa mtu ninayeweza kuzungumza naye, na huyo ni dereva, mpishi au muongozaji. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo linavyokwenda.

Pia Aprili na Mei mvua inanyesha, kambi imefungwa, na mshahara unadai. Mimi nadhani kampuni ya kiongozi imekimbia mishahara ya masika kuliko ilivyokimbia SDL.

#4 Fundi_Sakina
Nashukuru uzi huu umefunguliwa. Mimi ni fundi ujenzi. Mwaka huu nilichukua kazi ya hoteli moja hapa mjini, mkataba wa milioni 10, vifaa vyote juu yangu: saruji, nondo, vigae, rangi. Waliponilipa wakakata asilimia 5 ya milioni 10, yaani laki tano. Faida yangu yote katika kazi ile haikufika milioni moja na nusu. Je, hii asilimia 5 hukatwa hadi kwenye saruji niliyoinunua dukani na kulipia VAT?

#5 Karani_Kaloleni
Fundi, hapo umekatwa zaidi. Kwenye kazi za ujenzi ambapo malipo yamechanganya vifaa na huduma, sheria imeweka uwiano wa 3 kwa 2, vifaa kwa huduma. Maana yake katika milioni 10, milioni 6 huhesabiwa kuwa vifaa na milioni 4 huduma. Asilimia 5 ya milioni 4 ni laki mbili. Laki tatu zimezuiwa bila sababu.

#6 Fundi_Sakina
Ahsante sana, Karani. Nimerudi kwao leo asubuhi nikiwa nimeuandika uwiano huo kwenye daftari. Mhasibu amekubali kwamba walikosea, lakini anasema fedha imeshapelekwa TRA na hawezi kuitoa humo kunirudishia, na kwamba nitaikuta kwenye hesabu yangu ya mwaka. Nikamwomba cheti cha kodi ya zuio, akasema kitachapishwa. Huu ni mwezi wa pili nakiomba. Wakati huohuo mfanyabiashara wa nondo ananidai, na yeye hapokei cheti.

Halafu mteja mwingine anataka nimpe ankara yenye VAT ya asilimia 18. Sijasajiliwa.

#7 Mzee_Ngaramtoni
Mwanangu, usikubali kuandika VAT kama hujasajiliwa. Ukiikusanya ni lazima uipeleke, na kuikusanya bila usajili ni kosa. Kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, Julai 2023. Mwambie huyo mteja kwamba bei yako ni hiyo na VAT haimo.

#8 Mama_Kiboriloni
Shikamoo Mzee, na wengine habari zenu. Mimi ninajenga nyumba yangu Kiboriloni, polepole, kwa mshahara wa ualimu. Kusoma haya kumenitia hofu. Je, na mimi ninapomlipa fundi wangu kila Jumamosi natakiwa kumkata asilimia 5 na kuipeleka? Sijawahi kufanya hivyo hata mara moja, na sasa tumefika kwenye lenta.

#9 Mzee_Ngaramtoni
Marahaba mama, lala usingizi. Wajibu wa kuzuia haumgusi mtu binafsi anayelipa nje ya biashara. Nyumba ya kuishi wewe na wanao si biashara. Fundi wako ndiye mwenye wajibu wa kutangaza mapato yake. Hongera kwa lenta. Usiache kumwagilia zege, wiki ya kwanza ndiyo yenye kazi.

#10 Mama_Kiboriloni
Ahsante Mzee. Kuna vyumba viwili vya nyuma ninakusudia kupangisha.

#11 Mzee_Ngaramtoni
Mama, umeniamsha tena. Hapo wenye taaluma wanagawanyika. Wapo wanaosema kupangisha vyumba ni uwekezaji, na sheria inatenganisha uwekezaji na biashara, hivyo bado huna wajibu wa kuzuia kwa fundi. Wapo wanaosema ukijenga kwa nia ya kupata pango umeshaingia kwenye biashara. Mimi niko na hao wa kwanza, lakini nisingependa useme "Mzee alisema".

#12 Karani_Kaloleni
Narudi kwa kiongozi, kwa sababu nimekaa na mfano wake jana usiku, na matokeo yamenishangaza hata mimi ninayeishi na hesabu.

Tuseme anaingiza 9,600,000 kwa mwaka kama mtoa huduma. Kampuni imezuia asilimia 5, yaani 480,000. Sasa kodi yake halisi ni ngapi? Kama anahesabiwa chini ya kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, ambayo tangu 2019 inamhusu mwenye mauzo ghafi yasiyozidi milioni 100, na anatunza kumbukumbu, analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Hiyo ni 168,000. Amezuiwa karibu mara tatu ya anachodaiwa.

Kama anahesabiwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, na ana risiti za matumizi ya kazi za 2,400,000, basi faida yake ni 7,200,000. Kodi ni 240,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 6,240,000, jumla 432,000. Hapo amezuiwa zaidi kwa 48,000 tu.

Kama yuko kwenye viwango hivyohivyo lakini hana risiti hata moja, anatozwa juu ya 9,600,000 yote, na kodi inakuwa 936,000. Sasa anadaiwa 456,000 juu ya zile zilizokwisha kuzuiwa.

Mtu ni mmoja, mlima ni mmoja, malipo ni yaleyale. Kiongozi, je, unatunza risiti za viatu, leseni, nauli na simu?

#13 Kiongozi_wa_Machame
Risiti za leseni ninazo. Viatu nilinunua vya mtumba pale Mbuyuni, na aliyeniuzia alikuwa amevitandaza juu ya turubai. Nauli ya Hiace hadi Arusha haina risiti. Nimehesabu usiku huu nikapata risiti za shilingi laki nne na kidogo.

#14 Binti_wa_Njiro
Habari za jioni. Ninafanya kazi katika ofisi ya mawakili, na ninaomba kumrekebisha Karani kwa heshima, maana watu watachukua ile 168,000 wakaenda nayo kaunta.

Utaratibu wa kodi ya makadirio unawaacha nje watu binafsi wanaotoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za uongozi wa biashara, za ujenzi na za mafunzo. Fundi Sakina hayumo, hata mauzo yake yawe milioni 8. Ama kiongozi, swali ni kama kuongoza watalii ni huduma ya kitaalamu. Akisema ni utaalamu, anatoka kwenye 168,000 na kuingia kwenye 432,000 au 936,000. Akisema si utaalamu, anajishushia thamani ya cheti alichosomea.

Jambo la pili linahusu ajira yenyewe. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, kama hata jambo moja kati ya yaliyotajwa lipo. Miongoni mwake ni kwamba namna ya kazi au saa za kazi zinasimamiwa na mwingine, kwamba amefanya kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea mtu huyo kiuchumi, kwamba amepewa vifaa vya kazi, au kwamba anafanya kazi kwa mtu mmoja tu. Kiongozi ametaja koti, redio na ratiba katika ujumbe wake wa kwanza, hata kabla hajaulizwa. Kichwa cha karatasi hakibadilishi hayo.

Na jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo lililoamua: kampuni ilikuwa na waajiriwa wangapi kwa jumla?

#15 Kiongozi_wa_Machame
Kumi na watatu. Sisi tisa, na ofisini wanne.

#16 Binti_wa_Njiro
Basi ndiyo hiyo. Tangu Julai 2021 SDL inamhusu mwajiri mwenye waajiriwa kumi au zaidi; kabla ya hapo ilikuwa wanne. Wakiwaondoa ninyi tisa wanabaki wanne, na SDL inafutika kwa wote, hata kwa wale wa ofisini.

#17 Mwenye_Kambi_Usa
Dada, naheshimu sheria unayoijua, lakini tangu 2021 hadi Machi mwaka huu ni miaka mingapi? Kama ni ile kumi, wangefanya zamani. Mimi bado nasema masika.

#18 Karani_Kaloleni
Nakubali marekebisho kuhusu makadirio, na nawashauri wote wasome #14 pamoja na #12. Kwa upande wa kifungu cha 61, ningependa kuongeza angalizo: hicho ni cha sheria za kazi, kinatumika mtu anapodai haki zake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. TRA wanaangalia maana ya ajira iliyomo katika Sheria ya Kodi ya Mapato. Inawezekana kabisa mtu akaonekana mwajiriwa huku na mfanyabiashara kule, na nimewahi kuliona faili la namna hiyo.

#19 Kalamu_ya_Shanty
Wakuu, salamu. Ninatengeneza programu za kompyuta nikiwa nyumbani Shanty Town, na mteja wangu mkubwa yuko London. Ninaleta la kule kwa sababu wao wamepigana na swali hilihili kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 2000 Uingereza ilianza kutumia kanuni zinazoitwa IR35, zikimlenga mtu anayefungua kampuni ya mtu mmoja ili alipwe kupitia kampuni hiyo, ilhali kazi anayofanya ni ya mwajiriwa. Mwanzoni aliyeamua kama kanuni zinamhusu alikuwa mfanyakazi mwenyewe, kupitia kampuni yake. Aprili 2017 uamuzi ukahamishiwa kwa mteja katika taasisi za umma, na Aprili 2021 kwa makampuni binafsi ya kati na makubwa, baada ya kuahirishwa mwaka mmoja kwa sababu ya UVIKO-19. Makampuni madogo yaliachwa nje.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Mteja alipobebeshwa lawama ya kukosea, wengi hawakukaa kuchambua mtu mmoja mmoja. Mabenki kadhaa makubwa ya London yalitangaza kwamba hayatachukua tena watu wanaokuja na kampuni zao. Mwenzangu tuliyekuwa tunaandika programu moja aliambiwa aingie kwenye kampuni ya mwavuli, inayomlipa kama mwajiriwa na kumkata kodi zote, au aache. Aliingia. Kila Ijumaa alikuwa akinitumia ujumbe wa jinsi makato yalivyogawanyika, na kulikuwa na mstari ambao hakuwahi kuuelewa. Septemba 2022 serikali yao ikatangaza kufuta mabadiliko ya 2017 na 2021, na Oktoba waziri mpya wa fedha, Jeremy Hunt, akafuta ufutaji huo. Mtu alipanga maisha yake mara mbili ndani ya wiki nne.

Kule sheria ilimtia mteja hofu ya kumwita mwajiriwa "mtoa huduma". Hapa kwetu nashindwa kuona ni nani anayeogopa hilo.

#20 Mwenye_Kambi_Usa
Kalamu, hofu ipo, ila imekaa mahali pengine. Nisipomkata mtoa huduma ile asilimia 5 na kuipeleka ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, mkaguzi akija ananidai mimi kana kwamba niliikata. Sheria inaniruhusu kumdai niliyemlipa, lakini nitampata wapi mpiga picha wa harusi aliyekuja kambini miaka mitatu iliyopita? Kwa hiyo namwogopa mkaguzi upande wa zuio, wala si upande wa ajira. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza kwa nini mpishi wangu si mwajiriwa. Wameniuliza mara nyingi kwa nini sikuzuia.

Na mafundi ninaowaita wananiambia, "Mama, mimi nataka laki tano mkononi." Basi ili apate 500,000 kamili nagawanya kwa 0.95, napata 526,316, nazuia 26,316 na kuipeleka kwa jina lake. Kodi ni yake, lakini nimeilipa mimi. Mtu akiuliza nani anabeba, katika kambi yangu jibu ni yule mwenye shida zaidi siku ya kupatana. Bomba likipasuka wageni wakiwa ndani, ni mimi. Masika, ni fundi.

#21 Fundi_Sakina
Mama wa Usa, hilo umelisema kwa ukweli na ninalithibitisha. Lakini nami niseme la upande wetu: tunapotaja "mkononi" ni kwa sababu cheti hakiji. Kama ningekuwa na uhakika kwamba ile 26,316 itaonekana kwenye hesabu yangu Juni, ningekubali ikatwe kwenye laki tano yangu bila neno. Hatukimbii kodi. Tunakimbia fedha inayopotea njiani.

#22 Mzee_Ngaramtoni
Mmezungumza SDL, masika na wakaguzi, na hakuna aliyetaja risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, ambayo kwa macho yangu ndiyo mzizi. Nilikuwa na karakana ya kuchomelea pale Ngaramtoni kwa miaka mingi. Zamani mteja alinilipa, nikaandika kwenye kitabu cha nakala, tukaachana. Siku hizi mteja mwenye kampuni hawezi kuondoa gharama yangu kwenye hesabu zake bila risiti ya mashine, kwa hiyo ananiambia, "Mzee, bila EFD sikupi kazi." Kijana wa jirani yangu anachomelea vizuri kuliko mimi nilivyowahi, lakini hana mashine. Anafanya nini? Anapitisha kazi kwa mwenye mashine, huyo anatoa risiti kwa jina lake na kubaki na sehemu yake. Kwenye vitabu vya kodi kijana yule hayupo, na mwenye mashine anaonekana tajiri hadi anakaribia kudaiwa VAT. Wote wawili wanaumia.

#23 Karani_Kaloleni
Mzee, hiyo inaeleza habari za kijana wa kuchomelea, lakini haielezi ya kiongozi. Mshahara hauhitaji risiti ya EFD. Kama tatizo ni risiti, kampuni ingependelea kuwaacha kwenye mshahara.

#24 Mzee_Ngaramtoni
Umenishika hapo, Karani. Lakini nusu ya Arusha ni vijana wa kuchomelea, si waongozaji.

#25 Mpagazi_wa_Umbwe
Shikamooni wakubwa. Nimesoma kuanzia mwanzo. Mimi ni mpagazi, nabeba kilo 20 zile zinazoruhusiwa, na ninafanya kazi na makampuni matano au sita kwa mwaka, yeyote atakayeniita getini. Tukishuka tunapanga foleni, tunasaini karatasi moja ndefu yenye majina na namba za simu, tunapokea. Safari iliyopita nilisaini kwenye 140,000 nikapewa 133,000. Niliuliza, nikaambiwa ni asilimia 5 ya serikali. Mimi sina TIN. Ile 7,000 imekwenda kwa jina la nani?

#26 Binti_wa_Njiro
Mdogo wangu, swali lako ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Zuio linaingizwa kwenye mfumo kwa TIN ya aliyekatwa. Kama huna, huna pa kuikuta. Kapate TIN, ni bure, unahitaji namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Na tazama: kama mapato yako ya biashara kwa mwaka hayafiki milioni 4, na kazi yako haimo kati ya zile nilizotaja kwenye #14, chini ya makadirio hudaiwi kodi ya mapato hata shilingi moja. Hata ukihesabiwa kwa viwango vya kawaida, 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hizo elfu saba saba, au zote, ni zako.

#27 Mwenye_Kambi_Usa
Na mimi nikiri kwamba nimewahi kulipa wapagazi kwa karatasi ndefu ya aina hiyo. Zuio nililipeleka kwa TIN ya kiongozi wa msafara, kwa sababu mfumo ulitaka TIN na yeye ndiye aliyekuwa nayo. Nilidhani nimefanya vema kuliko kutopeleka.

#28 Kiongozi_wa_Machame
Mama wa Usa, soma hapa. Leo nilikwenda ofisini kwetu Arusha nikaomba kuona yaliyopelekwa kwa TIN yangu tangu Machi. Mhasibu ni kijana mwungwana, alinifungulia bila ubishi. Tulikuta mambo mawili. La kwanza, malipo yangu ya Aprili na Mei hayapo, kwa kuwa tarakimu ya mwisho ya TIN iliandikwa 3 badala ya 8. Yamekwenda kwa mtu tusiyemjua. La pili, kwenye TIN yangu kuna malipo ya Juni na Julai ambayo si yangu. Ni ya wapagazi 14 wa safari mbili za njia ya Lemosho, yamejumlishwa yote kwangu. Mimi nilisaini kupokea fedha ile getini ili niwagawie, na niliigawa yote siku ileile pale kwenye maegesho.

Kwa hiyo kwa TRA mimi naonekana nimeingiza mara mbili ya nilichoingiza, na kwa hesabu ya Karani ya mtu asiye na risiti, hiyo inanipeleka mahali pabaya. Mhasibu amesema atarekebisha tarakimu, lakini ya wapagazi hawezi kuigawa upya bila TIN zao. Karatasi ile ndefu ninayo nakala yake, nimeipiga picha, majina 14 yanasomeka isipokuwa mawili yaliyolowana. Mpagazi wa Umbwe, ulipanda Lemosho mwezi Julai?

#29 Mpagazi_wa_Umbwe
Nilipanda, kaka. Mimi ni jina la tisa.

#30 Kiongozi_wa_Machame
Nimeliona. Jumatatu saa mbili nakusubiri stendi ya Moshi, njoo na namba yako ya NIDA, twende wote tukachukue TIN. Na kama unawafahamu hao wawili waliolowana, waje pia.